Shangazi wa Kukodi

Bosi wangu Karangwa hajawahi kuninyima likizo. Mkimuuliza atawaapia hivyo huku ameinua mkono, na hatakuwa ameongopa. Neno "hapana" silijui mdomoni mwake. Yeye husema "tuzareba", yaani tutaona, na akishasema hivyo jambo lako limekwisha kuzikwa, kilichobaki ni matanga.

Kazi yetu ni ya gusaba. Gusaba ni siku ile upande wa kijana wanapokwenda kumwomba binti kwa wazazi wake, mbele ya watu, kwa maneno matamu na ng'ombe. Duka letu lipo Kagugu, na tunakodisha kila kitu cha siku hiyo: mahema, viti, vikapu vya kubeba kichwani, fimbo za wazee, na imishanana, zile nguo za sherehe zinazofungwa kiunoni na kutupiwa begani. Hata wazee wenyewe tunakodisha. Msicheke. Mjini hapa wapo ambao ukoo wao umepungua, wapo ambao ukoo wao umetawanyika, huyu Kampala, yule Ubelgiji, na safu ya mbele haiwezi kuonekana tupu kwenye video. Basi Karangwa anao watu wake wenye mvi nzuri, wanakaa mbele wakitikisa vichwa kama wajomba halisi, wakishiba wanarudi kwao.

Na yeye mwenyewe ndiye msemaji wa wenyeji anayegombewa kuliko wote. Wageni wanaomba, msemaji wa wenyeji anakataa. Hiyo ndiyo kazi yake, kukataa kwa ufundi. "Nyinyi akina nani? Hatuwajui. Binti yupi? Hapa tuna watoto wa kiume tu. Na hata kama yupo, tumekwisha kumtoa kwa mwingine." Watu wanacheka mpaka wanajifuta machozi. Wageni wanabembeleza, wanasifu ukoo, wanataja ng'ombe, na maneno yakishaiva, Karangwa anatoa. Ndiyo kanuni yenyewe. Kukataa ni pambo, mwisho lazima utoe. Gusaba iliyoishia kwenye kukataa mimi sijaiona, na nimeziona nyingi.

Jina langu Mukandekezi, lakini wengi wananiita Mama Kirezi. Nimekulia Karagwe, upande wa Tanzania, nikarudi Rwanda nikiwa mtu mzima na Kiswahili changu mdomoni. Kazi yangu ni kuvalisha. Ukiona kitambaa kimetulia begani kwa bibi harusi tangu asubuhi hadi jioni, na amecheza, amepiga magoti, amekumbatiwa na mashangazi wote, ujue chini yake kuna pini zangu.

Kirezi ni mwanangu wa pekee. Ameolewa Mwanza, na mwaka huu alikuwa na mimba yake ya kwanza. Mama mkwe wake alishafariki. Siku moja akanipigia simu, akaongea habari za bei ya samaki, za mvua, za jirani mwenye mbwa, halafu akasema, "Mama, utakuja unishike mkono?" Nikamwambia nitakuja. Nilipomzaa yeye, mama yangu aliacha maharage yake yaoze shambani kwa mvua, akaja kunikanda kwa maji ya moto. Sasa zamu ilikuwa yangu, na likizo nilikuwa nayo. Ya mwaka huu sijaigusa, ya mwaka jana ilibaki karibu yote. Sikutaka pesa wala zawadi. Nilitaka tarehe tu.

Mara ya kwanza niliomba wakati wa Kwaresima. Wakatoliki hawaoani Kwaresima, duka limelala, hata nzi walikuwa wanapiga miayo.

"Mama Kirezi," Karangwa akasema, "sasa iko Kwaresima, watu iko napanga harusi. Wakikuja kuchagua nguo, nani atawapima? Buretse, ngoja kidogo. Tuzareba."

Karangwa amekulia Uganda, Kiswahili alikiokota njiani akakitia mfukoni bila kukifuta vumbi; kwenye mahema husema lugha ya kwetu, na hiyo anaiweza. Lakini ananiheshimu, hajawahi kuniita kwa jina tupu.

Nikasubiri. Harusi zikaanza, nikaomba tena.

"Sasa? Sasa iko season! Hii ni kama dereva ya bus anaomba kushuka katikati ya mlima."

"Basi niambie nishuke wapi, bosi. Nipe tarehe."

"Tarehe itakuja yenyewe. Na wewe, unasema haupumziki, Jumamosi ya mwisho ya mwezi si iko umuganda? Asubuhi yote hakuna duka."

"Umuganda ni kazi ya mtaa mzima, bosi, tunafyeka majani na kuzibua mitaro."

"Iko hewa safi," akasema, na simu yake ikalia, na mazungumzo yakaishia hapo.

Fundi wetu wa cherehani, Usumani, alikuwa anasikiliza. Usumani ni mtu wa Nyamirambo, babu yake alikuja huku na wafanyabiashara wa pwani, na hakuna jambo linalompita bila methali. "Dada yangu," akasema huku ameuma uzi, "dua la kuku halimpati mwewe. Mimi niliomba siku chache za kuwa na wanangu baada ya mfungo. Akanipa sikukuu ya Idi kama zawadi. Siku ambayo nchi nzima haifanyi kazi! Na bado nilimshukuru, mjinga mimi."

"Mbona kwenye harusi za watu anatoa?"

"Kwa watu anakataa kisha anatoa. Kwetu anakataa tu. Amejifunza nusu ya kazi."

Tukacheka, lakini kicheko changu hakikufika tumboni.

Ikafika Ijumaa ambayo Kirezi aliniambia daktari amesema ni wiki inayokuja, siku yoyote. Nikaingia ofisini bila kubisha hodi. Karangwa alikuwa anajaribu fimbo mbele ya kioo.

"Bosi, mtoto wangu anajifungua."

"Imana ishimwe!" akasema, Mungu ashukuriwe, na furaha yake ilikuwa ya kweli, hilo ndilo linaloudhi. "Kesho tukimaliza ile ya Gahanga, tuzareba. Na kesho nakuhitaji kwa kazi ingine. Shangazi ya bibi harusi ndege yake imechelewa Brussels. Baba ya binti ni marehemu, na huyo ndiye dada yake moja tu. Utakaa kiti ya shangazi."

"Mimi?"

"Utavaa vizuri. Nitakuuliza mbele ya watu, shangazi unaridhia? Utasema, naridhia. Utaenda ndani kumleta binti. Iko neno moja tu, Mama Kirezi."

Nilirudi kwenye pasi yangu nikatoboa kitambaa cha watu kwa joto. Sikujali.

Asubuhi ya Jumamosi, Gahanga, nilimvalisha bibi harusi. Kaliza anaitwa, msichana mrefu, mcheshi, anafanya kazi benki. Nilikuwa nachomeka pini begani akaruka.

"Mama Kirezi, umenichoma! Leo una nini?"

Nikamweleza. Sikupanga, yalitoka tu, kuanzia Kwaresima hadi kwenye kioo na fimbo. Kaliza alinisikiliza bila kugeuka, maana nilikuwa nimemshika bega.

"Shida yako unaomba peke yako," akasema. "Mimi leo nakuja kuombwa na watu wa mabasi mawili. Kuna mtu anaomba kitu kikubwa peke yake?"

Nikamwambia asimame wima.

Wageni walitoka Busanza, na msemaji wao alikuwa mzee Hakizimana, mwalimu mstaafu, mwenye sauti ya chini inayowalazimisha watu kunyamaza. Yeye na Karangwa wamepambana kwenye mahema mengi, na kila mmoja anaamini ndiye anayeshinda. Siku hiyo Karangwa alikuwa kwenye ubora wake. Aliwakana wageni, akakana binti, akadai kwamba babu yao aliwahi kukanyaga mtama wa babu yetu, akataka waombe radhi kwa huo mtama. Hakizimana akauombea radhi mtama. Hema likatikisika kwa vicheko. Mama wa binti, Gahongayire, ofisa wa serikali ambaye kila dakika alikuwa anatazama saa yake, naye alicheka. Nami nimekaa safu ya mbele, umushanana wa rangi ya dhahabu, natikisa kichwa kama shangazi.

Ndipo Karangwa akanigeukia, akanyoosha maikrofoni.

"Waheshimiwa, mimi ni mdomo tu. Ufunguo wa nyumba uko kwa shangazi. Asiponyanyuka yeye, binti hatoki. Shangazi, unaridhia?"

Neno lilikuwa moja. Nililifanyia mazoezi hata bafuni. Nikaishika maikrofoni, nikaona nyuso zote zile zinanisubiri, na nikafikiri, watu wote hawa wamekuja kusikia mtu akiombwa, na kila mmoja anajua mwisho atatoa.

"Sijaridhia," nikasema.

Hema likapasuka kwa kicheko. Karangwa naye alicheka, akadhani nimenogewa.

"Shangazi yetu mkali! Anataka nini? Ng'ombe?"

"Ng'ombe wapewe wenye zizi. Mimi nataka tarehe."

"Tarehe ya nini, shangazi?"

"Nina binti mwingine, yuko Mwanza, mimba imefika ukingoni na hana mama mwingine ila mimi. Nimemwomba mkubwa mmoja ruhusa tangu Kwaresima, na ruhusa yenyewe ni haki yangu. Jibu lake ni tuzareba. Mkubwa huyo ni wewe, Karangwa. Binti wa nyumba hii hatoki mpaka nijue ninaondoka lini."

Watu walipiga makofi. Walidhani ni mchezo, na ulikuwa mchezo mzuri kuliko wa mtama. Ni Karangwa peke yake aliyeelewa. Tabasamu lake lilibaki usoni kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba. Akasogea, akafunika maikrofoni kwa kiganja.

"Mama Kirezi, unafanya nini?"

"Naomba."

"Sema naridhia."

"Nipe tarehe."

Alisimama wima, akarekebisha kitambaa chake begani, akatoa sauti yake ya mahema. "Shangazi, neno lako tumelipokea. Tuzareba."

Hema zima likaguna. Mama mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Ah, huyu naye!"

Hapo mzee Hakizimana akanyanyuka polepole. Nadhani alikuwa ameisubiri siku hiyo maisha yake yote.

"Mwenyeji wetu," akasema, na watu wakanyamaza. "Tumetoka Busanza na ng'ombe. Tumeomba radhi kwa mtama ambao hatukuukanyaga. Tulikuja kuomba binti, sasa tunaona katika nyumba hii kuna mwombaji mwingine aliyetutangulia, naye bado amesimama mlangoni. Sisi kwetu hatumruki aliyetangulia. Basi tunaomba viwili. Mpe shangazi tarehe, kisha utupe binti. Na hiyo tuzareba yako, mwenyeji wetu, hailiwi wala hainyweki."

Vigelegele vikapanda. Karangwa akafungua mdomo, na wakati huo huo msimamizi wa bibi harusi akatoka nyumbani mbio, ameinua umushanana wake ili asijikwae, akamnong'oneza Hakizimana. Maana spika zilikuwa zinasikika hadi chumbani.

"Binti mwenyewe anasema," Hakizimana akatangaza, "shangazi asipopewa, yeye havuki kizingiti."

Gahongayire akatazama saa, akatazama sufuria za wapishi, akamtazama Karangwa kwa jicho ambalo nadhani hulitumia ofisini. Karangwa alikuwa anatoka jasho. Alitazama kulia, wazee wetu wa kukodi walikuwa wanatikisa vichwa, safari hii kwa ajili yangu. Alitazama kamera. Alikuwa na njia moja tu, ile ile aliyowapitisha watu kila Jumamosi.

"Wageni wetu," akasema, na nakiri aliipiga vizuri, mpaka mwili ulinisisimka, "mmeomba vizuri. Tulikataa ili tuone mnapenda kiasi gani. Tumeona. Shangazi tumemtoa. Ataondoka Jumatatu, na atarudi akishamwogesha mtoto mpaka moyo wake utosheke. Na binti tumemtoa."

Wakaleta pombe ya ndizi, yeye na Hakizimana wakanywa kikombe kimoja, jambo likafungwa. Nikaingia ndani kumleta Kaliza. Machozi yalikuwa yananitoka, watu wakasema angalieni shangazi anavyompenda huyu mtoto.

Jumatatu asubuhi nikapita dukani na begi langu, kukabidhi kopo la pini. Basi la Mwanza nilikuwa nimelilipia. Karangwa alikuwa mchangamfu kupita kiasi.

"Mama Kirezi! Ile ya Jumamosi iko moto! Watu wamenipigia simu wote. Wiki hii tunaenda Kanombe, tunaifanya tena, ile ile. Wewe unakataa, mimi natoa jasho."

"Wiki hii niko Mwanza."

"Mwanza?" Akacheka, kisha akaona begi. "Ah, mama. Ile ilikuwa show."

Hasira ilinipanda mpaka kwenye masikio. Nilikuwa nachagua neno la kuanzia, na nililipata zuri, ila sikupata nafasi ya kulisema. Gahongayire alikuwa mlangoni, amekuja kurudisha vikapu.

"Shangazi!" akasema. "Wewe bado uko hapa?"

"Bosi anasema ilikuwa mchezo, mama."

Gahongayire akaviweka vikapu chini, kimoja kimoja. "Mchezo," akasema. "Karangwa, wewe ulimtoa shangazi na ukamtoa mwanangu kwa mdomo mmoja, kwa kikombe kimoja. Kama nusu ilikuwa mchezo, nataka kujua ni nusu gani. Nimpigie Kaliza simu afunge mizigo arudi?"

"Oya, mama, oya!" akasema, yaani hapana, na hiyo ndiyo siku niliyolisikia kwake.

"Ahadi ni deni, bosi," sauti ya Usumani ikatoka nyuma ya cherehani. "Na mimi yangu ya Idi bado naidai."

Karangwa akakaa kwenye kiti kimojawapo cha kukodisha. Alionekana mdogo bila fimbo. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sasa wewe utarudi? Watu nikiwapa, hawarudi. Vestine, ule mfanyakazi yangu ya zamani, nilimpa wiki moja tu. Iko Canada."

Kumbe. Miezi yote hiyo nilidhani ni uchoyo, kumbe alikuwa anaogopa nisije nikaondoka moja kwa moja. Nilimhurumia, kweli, ingawa si sana. Nikaweka kopo la pini kiganjani mwake.

"Nani atachoma pini?" akauliza.

"Wewe."

Kirezi alijifungua siku mbili baada ya mimi kufika. Alinishika mkono kwa nguvu hadi leo kidole kimoja hakijanyooka sawasawa, na sitakipeleka hospitali. Ni msichana. Wamempa jina la Shimwa. Nilimwogesha, nikamkanda mama yake kwa maji ya moto, na nilipokuwa namimina yale maji nilimlilia mama yangu na maharage yake, kwa sauti, bila aibu.

Karangwa alivumilia kuliko nilivyotarajia. Alipopiga simu nilikuwa nimemlaza Shimwa mapajani, hataki kulala.

"Mama Kirezi, iko mbaya. Kanombe, bibi harusi alipiga magoti, kitambaa yote ikafunguka, ikaangukia kwa mchuzi ya baba mkwe. Mimi vidole zote ziko na matundu. Nakuomba. Unarudi lini?"

Tarehe ilikuwa ulimini. Nikamtazama Shimwa, akanitazama. Nikanyoosha mgongo, nikatoa ile sauti ya mahema.

"Wageni wetu, karibuni. Ila nyinyi akina nani? Huyo mwanamke mnayemtafuta hatumjui. Na hata kama yupo, tumekwisha kumtoa kwa mwingine."

Kirezi akajiziba mdomo kwa kanga. Kisha nikasikia Karangwa anakohoa, anasafisha koo, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akaanza kusema kutoka upande wa wageni. Alianza kwa salamu. Akausifu ukoo wangu, akamsifu babu yangu ambaye hakumjua na ng'ombe ambao babu yangu hakuwa nao. Akaomba radhi kwa Kwaresima, akaomba radhi kwa umuganda, mahali fulani katikati akamwombea Usumani Idi yake.

Nikamwacha aombe. Anaomba vizuri, lazima niseme, na sauti yake ilimbembeleza hata mtoto. Shimwa alipolala kabisa, nikampa tarehe.